Divai kwa Mirija Miwili

Tangu presha ilipomwangusha shambani akipalilia maharage, Ndayisaba hakukaa tena na mkewe Jumapili mchana. Zamani ilikuwa desturi yao. Wakirudi kanisani pale Kumsenga, Maximilla aliweka mtungi mdogo wa pombe ya ndizi kati ya vigoda viwili, kila mmoja akashika umuheha wake, ule mrija wa kunywea, wakanyonya taratibu huku wakiwateta waliosinzia kwenye mahubiri. Daktari alipokataza pombe, maneno nayo yalikwisha. Ndayisaba alihamia nyuma ya nyumba, akawa anatazama migomba. Maximilla alimpikia, akampa dawa, akamfulia. Aliyemkosa ni mwenzake wa mtungini.

Siku moja redio ikasema chokoleti nyeusi na divai nyekundu ni kitu cha wapendanao, tena hunufaisha moyo. Siku ya kliniki Maximilla alimvuta mlangoni Daktari Firdausi, dada wa Tanga aliyehamishiwa huko, akamnong'oneza.

"Mama, mimi divai sijawahi hata kuionja," Firdausi akacheka. "Ila si dawa, usije ukaacha vidonge. Presha yake imetulia. Akionja kidogo, mara moja moja, haitamdhuru. Chokoleti iwe ile chungu, kipande tu. Halafu ukae naye. Hilo ndilo ninalokuandikia mimi."

Maximilla alipokwenda Kasulu kumsalimia binti yao Claudine, alirudi na chokoleti na chupa ya divai ya Dodoma. Jumapili alitoa meza ndogo uani, akatandika kitambaa cheupe alichokidarizi akiwa bibi harusi, akamimina divai kidogo kwenye glasi, akaweka kipande cha chokoleti kwenye kisahani. Akamwita mumewe.

Ndayisaba alifika, akasimama, akavua kofia.

"Mama Claudine, padri yuko wapi?"

"Padri gani?"

"Usinifiche. Kitambaa cheupe, divai, na hicho kipande. Ndivyo walivyomwandalia marehemu baba alipopewa mpako wa mwisho. Daktari alikwambia nini siku ile mlangoni?"

Maximilla alitaka kucheka, ila aliona mumewe ameikumbatia kofia kifuani kama mtu aliye msibani. Kumbe kule migombani alikuwa akijiaga mwenyewe, na yeye alidhani amenuna kwa ajili ya pombe.

"Baba Claudine, nilikuwa namuuliza habari za chokoleti."

"Mtu ananong'ona kwa ajili ya chokoleti?"

"Nilitaka kukushtukiza!"

"Umenishtua kweli." Hakukaa.

Maneno yalikuwa hayatoshi. Maximilla aliingia jikoni, akachomoa imiheha yao darini, akaisuuza, akatoka na ule mtungi mdogo. Akamimina divai yote ya glasi humo, ikaishia chini kabisa. Akatumbukiza mirija miwili.

"Haya, niambie ni padri gani anayekomunisha watu kwa umuheha."

Ndayisaba aliutazama mtungi. Mabega yake yakaanza kutikisika, kisha kicheko kikamtoka, kile kikubwa, mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba.

"Mana yanje, Mungu wangu! Watu wa Dodoma wakikuona watakushitaki."

"Waje. Vigoda vipo."

Akakaa. Wakanyonya. Akatafuna chokoleti, akakunja uso.

"Chungu kama kwinini! Hayo ndiyo mapenzi ya redioni?"

"Tafuna, mzee. Ni ya moyo."

"Basi na wewe ule. Unadhani moyo ni wangu peke yangu?"

Wakagawana kipande kilichobaki. Haukupita muda Ndayisaba akamuuliza mkewe kama aliona vile Longinus alivyosinzia mbele ya katekista, mdomo wazi. Maximilla alikuwa amemwona. Alisimuliwa tena, akasikiliza kama kitu kipya, machozi yakimlengalenga, akimshukuru Mungu, na daktari asiyekunywa, na hata redio.

Mirija ilipoanza kukoroma kwenye mtungi mkavu, Maximilla hakuongeza. Ndayisaba naye hakuomba.

"Hiyo chupa mpe Claudine," alisema. "Jumapili ijayo weka umutobe, juisi yetu ya ndizi isiyochachuka. Kidogo tu. Ila imiheha usiirudishe darini."

Maximilla akaisuuza, akaisimamisha kando ya mlango, mahali ambapo wote wawili wangeiona.