Kanuni ya Sita Niliipiga Taipu Mwenyewe

Kosa ni langu, na tafadhali msinisaidie kulitafutia mwenzake. Wanaoniambia "ni mpira tu ndugu, ajali haina kinga" wamenichosha! Hii ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe niliipiga taipu mimi, kwa vidole vyangu viwili.

Nilikuwa katibu wa timu moja ya hapa Mlandege, mjini Iringa. Tulikuwa na kanuni za kuwalinda wachezaji, karatasi mbili zilizobandikwa ukutani, nami nilizijivunia kuliko kombe. Kanuni ya sita ilisema: mchezaji akigongwa kichwani, katibu amuulize hali yake, akitapika au akiona kizunguzungu, atoke, hata kama tutabaki kumi.

Beki wetu wa kati alikuwa Lutengano, mdogo wake mke wangu, dereva wa lori. Mnyakyusa wa watu, mkali uwanjani, lakini akiwa mbele yangu sauti haipandi. Hakuwahi kunibishia hata mara moja, maana mimi ndiye niliyemwoa dada yake mkubwa.

Siku hiyo tulicheza Mbeya. Tunaongoza bao moja, na wachezaji wawili tulioruhusiwa kubadilisha tumeshawabadilisha. Ikapigwa kona, Lutengano akaruka, kichwa kikakutana na kichwa. Kishindo nilikisikia nikiwa kwenye benchi. Akajikokota hadi nyuma ya goli, akatapika. Nilimwona! Nisije nikasema sikuona.

Mwenyekiti akanipigia kelele: "Ndugu Katibu, vipi, anatoka? Tukibaki kumi hawa watatumaliza!"

Nikamwendea. Kanuni si inasema niulize? Nikainama.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji."

Nikageuka, nikampungia mwenyekiti mkono kwamba anaendelea.

Jamani! Nani katika nchi hii aliulizwa hujambo akajibu vingine? Mtu ana homa siku ya nne, anajibu sijambo kwanza, ndipo aongeze, "ila mwili tu unauma." Mimi hiyo "ila" sikuisubiri. Na linalonikera zaidi ni kwamba nilijua. Katika maswali yote ya duniani, nilichagua lile ambalo jibu lake ninalo tayari.

Alicheza dakika kumi na kitu. Alimpasia fowadi wao mpira, nikajiambia amechoka. Kisha akaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa.

Tulishinda. Leo hata aliyefunga simkumbuki.

Hospitali alilala majuma matano. Jicho la kulia halioni tena. Lori amepewa mwingine, naye anapalilia viazi vya watu huko Kilolo.

Mimi nikaandika ripoti: "Mchezaji aliulizwa hali yake, akajibu hajambo." Kamati ikasoma, ikatikisa vichwa kukubali, ikanipongeza kwa kufuata kanuni! Kikao kizima, hakuna hata mmoja aliyegonga meza kwa hasira! Nilitamani angalau mtu mmoja anitukane.

Nilipofika nyumbani nikamsomea mke wangu ripoti ile ile, nikidhani nitapona. Akaacha kuchambua mchele.

"Baba Neema, wewe ulimsalimia mdogo wangu. Hukumuuliza."

Tangu hapo chakula ananiwekea mezani, mazungumzo hakuna. Ukatibu nimeuacha, lakini kuacha ukatibu hakumrudishii mtu jicho.

Wenzangu makatibu na makocha, nawasihi, karatasi ya ukutani haiingii uwanjani kumtoa mtu! Muulize mchezaji leo anacheza na nani, mwonyeshe vidole avihesabu. Akitapika usimuulize lolote, mtoe, mwenyekiti apige kelele mpaka akaukwe na sauti. Na aulizwe na mtu ambaye hamwonei haya. Mimi shemeji yake sikufaa, nami nililijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Juzi nilimkuta Lutengano sokoni. Nilimjia upande wa kulia, hakuniona mpaka nilipomgusa bega. Akashtuka, na mdomo wangu huu usiokoma ukatamka wenyewe: "Hujambo, shemeji?"

"Sijambo, shemeji."

Nikasimama palepale nikiisubiri ile "ila". Nilisubiri sana, mpaka akaniaga kwa heshima akaenda zake. Ninyi isubirini uwanjani.