Gari Lililochaji Likishuka Tu

Siku yangu ya kwanza kazini Fomani hakuniuliza jina. Aliniuliza kama ninaogopa cheche. Nikasema siogopi, na huo ndio uongo wa kwanza niliousema katika kazi ya umeme wa magari.

Karakana ilikuwa mjini Kisii, chini ya paa la mabati ambalo mvua ya alasiri ililipiga mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Palikuwa na lori la kubeba majani ya chai, boneti wazi, injini ikinguruma. Fomani, msimamizi wa mafundi, mtu mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia, alilegeza teminali ya betri, yaani kile kichwa cha chuma kinachobana waya kwenye betri, kisha akanisukuma mbele.

"Itoe," akasema.

"Injini ikiwaka?"

"Ikizimwa utapima nini?"

Nikaitoa. Cheche ya buluu ikaruka na kuniuma kidole cha shahada. Lori likaendelea kunguruma kana kwamba sikuligusa.

"Umesikia?" Fomani akasema. "Lingenyamaza, tungejua altaneta imekufa. Halikunyamaza. Altaneta ni nzima, betri ndiyo mgonjwa. Hiyo ndiyo mita yako, kijana. Hainunuliwi na haipotei."

Nilikuwa na miaka ishirini. Niliyaamini maneno yale kama mtu anavyoamini kwamba maji hulowesha. Yalinilisha, yakanijengea nyumba, na mwishoni yakaniaibisha mbele ya watu wawili ninaowaheshimu. Kuhusu aibu hiyo ndiyo naandika. Mafanikio yangu hayana faida kwenu.

Kwanza niwaeleze altaneta, maana vijana siku hizi hubadilisha vitu wasivyovijua. Ni mtambo mdogo uliofungwa kando ya injini na kuzungushwa na mkanda. Ukizunguka hutoa umeme. Ndani yake mna regyuleta, kifaa kinachouchunga umeme huo usizidi kipimo. Altaneta za zamani zilitoa volti kumi na nne na kidogo, asubuhi na jioni, ukipanda au ukishuka. Ungeweza kumwachia mtu gari, uende kanisani, urudi, ukute volti ni zilezile.

Kutoka Kisii nilihamia Nyamira, kwenye karakana ya kiwanda cha chai. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Usafiri, bwana mrefu aliyetembea na mwavuli hata kiangazi. Kiwanda kilikuwa na gari la kuzungukia wakulima, lenye kipaza sauti juu ya paa. Maofisa walihutubia watu juu ya mbolea na uchumaji, injini imezimwa ili wasikike. Wakimaliza, betri imeisha, na wakulima walewale waliotoka kuhutubiwa wanaombwa kusukuma.

Afisa wa Usafiri aliniita. "Onchari, jana nimesukumwa na akina mama wenye vikapu mgongoni. Wamenicheka mpaka barabarani. Fanya kitu."

"Naweza kuweka betri ya pili, mkubwa, na rilei katikati."

"Sitaki kujua rilei ni nini. Nataka kipaza sauti kiseme na gari liwake."

Ninyi nitawaambia. Rilei ni swichi inayofungwa na kufunguliwa na umeme wenyewe. Fikirieni vyumba viwili vyenye mlango mmoja. Injini ikiwaka, mlango unafunguka na betri zote mbili zinakula kutoka altaneta. Injini ikizimwa, mlango unafungwa. Kipaza sauti kinaimaliza betri ya pili, lakini ya kwanza inabaki na nguvu zake za kuwasha gari. Nilifunga kitu hicho kwa siku moja, na hakuna ofisa aliyesukumwa tena. Afisa wa Usafiri alinipa mkono, jambo ambalo hakumfanyia mtu.

Miaka ikapita, nikafungua kibanda changu Masimba, karibu na barabara. Nilifunga betri za pili kwenye magari ya matangazo ya arusi, ya wauza barafu, ya wahubiri wa makambi. Nikawa maarufu pia kwa mita ya Fomani. Watu walipenda kuniona nikiitoa teminali injini ikiwaka. Walisogea karibu, cheche ikaruka, nikatikisa kichwa kama daktari, nikatoa hukumu.

Kisha yakaja magari ya sasa.

Sijui nianzie wapi. Ukifungua boneti hukuti injini, unakuta mfuniko wa plastiki. Chini yake kuna mfuniko mwingine. Taa ndogo ikiungua, gari zima linalalamika kwa lugha ya namba. Nililazimika kushirikiana na Kemunto, mwanamke aliyesomea umeme wa magari chuoni, ambaye alikuja na mashine yake ya kusomea kompyuta za magari na maneno machache. Nilimpenda kwa bidii yake. Kilichonichosha ni kuwa mara nyingi alikuwa sahihi.

Mwalimu Bosibori alifika kwetu na gari la namna hiyo. Alikuwa amestaafu ualimu Ogembo, na yeye na mumewe, mzee Ombati, walikuwa wamegeuza gari la mizigo kuwa nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, friji ndogo inayofunguka juu kama sanduku.

"Bwakire, omogaka," mzee Ombati alinisalimia kwa Kigusii, nami nikamwitikia. Alikuwa akitazama upande wangu wa kushoto kidogo.

"Macho yake yanaondoka," Mwalimu akasema, bila kushusha sauti, maana mumewe alijua. "Ni sukari. Tuna watoto watano na kila mmoja ana mji wake, Kitale mpaka Voi. Anataka kuwaona wote na wajukuu nyumbani kwao. Kuwaona, fundi, si kuwatembelea. Tutakaa njiani miezi miwili. Insulini yake ya akiba lazima ikae kwenye baridi."

"Kwa hiyo kazi yangu ni friji."

"Kazi yako ni macho yangu," mzee Ombati akasema. "Friji ni njia tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikafunga betri ya pili chini ya kitanda, nikaweka rilei, nikavuta waya nene, na waya wa hasi nikaurudisha moja kwa moja kwenye nguzo ya betri ya kwanza, kazi safi.

Kemunto alisimama karibu. "Mzee, hii altaneta inaongozwa na kompyuta. Rilei haitaiweza."

"Umeme ni umeme," nikamjibu.

Wakaenda Nakuru kwa mtoto wa kwanza kama majaribio. Siku ya tatu wakarudi. Friji ilikuwa vuguvugu, insulini imetupwa.

Nikalaumu betri. Nikaenda kwa muuzaji nikamsema mbele ya wateja wake, akanibadilishia. Wakaenda tena, wakarudi vilevile. Nikalaumu friji. Fundi wa friji akaipima, akasema haina kosa, tukakosana. Nikalaumu waya nilioununua mwenyewe. Kila safari Mwalimu alikuja amekaza midomo, na kila safari mumewe alinisalimia akitazama mbali zaidi nami. Wiki zilikuwa zikienda, na hazikuwa zangu.

Mara ya tatu nilishikwa na hasira ambayo sikujua ni ya nani. Nikawasha gari. Nikachukua spana.

"Mzee, usitoe," Kemunto akasema.

"Niliitoa kabla hujazaliwa."

"Hilo lilikuwa lori. Hapa betri ndiyo inayopoza umeme usiruke. Ukiitoa, umeme unairukia kompyuta."

"Mwalimu," nikasema, nikimgeukia, "tazama. Sasa tutajua nani mgonjwa."

Nikaitoa teminali. Cheche ilikuwa ileile ya siku yangu ya kwanza, buluu, palepale kidoleni. Taa zote za dashibodi zikawaka pamoja kama mti wa Krismasi, halafu zikazimika pamoja. Injini ikakata. Nilirudisha teminali, nikageuza ufunguo. Hakuna kilichojibu, hata saa.

Tulisimama pale.

Mzee Ombati ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo mgonjwa ni nani?"

Mkewe akacheka bila kutaka, kisha akafuta macho kwa leso na kwenda kukaa nje.

Kompyuta ilipelekwa mbali kutengenezwa na ikachukua mwezi mzima kurudi. Sikulala vizuri mwezi ule. Sitawaambia nilijilaumu kwa busara. Nililaumu wahandisi walioficha kila kitu, nikamlaumu Fomani aliyekwisha kufa, nikamlaumu hata Kemunto kwa kutoninyang'anya spana. Siku moja nilipokuwa nikinung'unika hivyo, akaweka chai yake chini.

"Mzee, Fomani alikwambia kwa nini lori halikuzimika?"

Nikafikiri. "Hakusema."

"Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza; Kemunto ndiye aliyenieleza kuwa umeme wa altaneta pekee ulilitosha lori lile, na halikuwa na kompyuta ya kuungua. Miaka arobaini nilikuwa nikifanya kitu ambacho sikuwahi kukiuliza sababu.

Kompyuta iliporudi, nilimwambia Kemunto tufanye kwa njia yake. Hakutoa chochote. Alibana mita kwenye betri, akarefusha waya zake mpaka kiti cha mbele, akaniambia niendeshe na nisiongee.

Tulitoka Masimba. Barabara zetu hazijui usawa, zinapanda na kushuka katikati ya chai na migomba. Mwanzoni mita ilionyesha kumi na nne. Betri ya kwanza ilipojaa, namba ikaanguka mpaka kumi na mbili na kidogo, na ikabaki hapo tukipanda kilima. Kwa volti hizo hakuna betri ya pili inayojaa. Nilianza kulaani. Halafu tukavuka kilele, nikaondoa mguu kwenye mafuta, na namba ikapanda ghafla, kumi na nne, kumi na tano. Tukafika bondeni, nikakanyaga mafuta, ikaanguka tena.

"Linachaji likishuka tu," nikasema.

"Kompyuta inabana mafuta," akasema Kemunto. "Likipanda, inaipumzisha altaneta ili injini isibebe mzigo. Likishuka, uzito wa gari ndio unaozungusha, umeme ni wa bure, basi inauchukua wote. Rilei yako ilikuwa inafungua mlango, mzee. Lakini ndani hakuna chakula."

Nilisimamisha gari kando ya shamba la chai. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka akione. Gari lile lilikuwa linafanya jambo la akili. Tangu mwanzo lilikuwa linalieleza waziwazi, kila mlima, na mimi nilikuwa nalipima likiwa limesimama.

Dawa yake ni chaja ya betri kwa betri. Ni kisanduku kinachokaa kati ya betri mbili. Kinapokea volti zozote ambazo altaneta imeamua kutoa, hata hizo kumi na mbili, kinazipandisha mpaka kumi na nne na zaidi kidogo, na kuilisha betri ya pili kwa kipimo chake. Kina waya mdogo wa kukiambia kama gari limewashwa, kisije kikainyonya betri ya kwanza gari likiwa limelala. Na ule waya wangu wa hasi niliojivunia, Kemunto aliung'oa akaufunga kwenye chasi. Kwenye nguzo ya hasi ya magari haya kuna kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Mimi nilikuwa nimekiruka, kwa hiyo kompyuta ilikuwa haijui kuna betri ya pili inayohitaji kula. Kazi yangu safi ilikuwa imelifumba gari jicho.

Mwalimu na mumewe waliondoka asubuhi yenye ukungu. Hawakurudi siku ya tatu, wala wiki ya tatu. Mwalimu alinitumia ujumbe mmoja tu: "Friji inaganda mpaka tunaipunguza."

Walirudi baada ya miezi miwili. Mzee Ombati alishuka akiwa ameshika bega la mkewe. Alinitafuta kwa sauti.

"Fundi yuko wapi? Bado anatoa vitu?"

"Nipo, mzee. Niliacha."

"Nimewaona wote. Yule mjukuu mdogo wa Kitale ana pua ya mama yangu, ile iliyopinda. Nilidhani tumeizika." Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Wa Voi tulimfikia mwishoni. Huyo nilimwona kwa vidole zaidi."

Alisema bila lawama. Lakini mimi najua kuhesabu. Safari tatu za bure na mwezi mmoja wa kompyuta: kama ningesikiliza mara ya kwanza, mjukuu wa Voi angeonwa kwa macho.

Nilistaafu mwaka huohuo. Kibanda ni cha Kemunto sasa, naye ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: USITOE TEMINALI INJINI IKIWAKA. Wateja wakiuliza, anawaambia ni sheria. Mimi nikiwa hapo, kwa kuwa napita karibu kila siku kumsumbua, nawaeleza sababu, nayo ni ndefu, na wengi huondoka kabla sijafika katikati.

Ninyi mliofika hapa hamkuondoka, basi nawaomba kitu kimoja. Mkubwa wenu wa kwanza akiwaonyesha jambo linalofanya kazi, mshukuruni, kisha muulizeni kwa nini, hata akikasirika. Fomani angenikasirikia. Angenipigia kelele juu ya mvua ile kwenye mabati. Lakini huenda angefikiri, na huenda angejua, na mtoto mmoja huko Voi angekuwa na uso ambao babu yake anaukumbuka.