Gauni la Miaka Kumi na Mmoja

Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, moyo hunishtuka. Nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja karibu na Nshamba, majani hayo yalitandazwa kwa siku kubwa tu: Krismasi, harusi, ugeni wa mchungaji. Mama yangu alikuwa na siku yake nyingine, siku aliyozaliwa Adela, binti wa mwalimu wa ng'ambo ya bonde. Enzi hizo za Mwingereza, mwalimu yule ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeandika tarehe za kuzaliwa kwa watoto wake kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia. Sisi wengine tulizaliwa tu. Lakini dada yangu Kemilembe alizaliwa juma moja na Adela, wakabatizwa Jumapili moja, wakawa marafiki tangu wakibebwa mgongoni. Kemilembe alifariki kwa homa akiwa na miaka minne. Mama akaendelea kumpelekea Adela zawadi kila mwaka, na nilipoweza kuvuka bonde peke yangu mbebaji nikawa mimi, niliyemfuata Kemilembe kwa mwaka na kitu.

Wanawake wa jirani walimsifu mama kwa kujua zawadi. Akija mtu asiye na kitu mfukoni, akiuliza ampelekee nini mtoto wa rafiki yake, mama alimjibu papo hapo. "Wa miaka mitano, waitu ndugu yangu, mtengenezee mwanasesere wa magome ya mgomba ambebe mgongoni. Wa saba anaanza shule, msukie mfuko wa kutilia kibao chake. Wa tisa mpe sindano ya kusukia vikapu, mikono yake imeshatulia." Vyote hivyo alikwisha kumpa Adela, na karibu vyote vilitoka kibanjani kwetu, kwenye migomba na nyasi zetu wenyewe. Watu walidhani ni kipaji. Mimi niliyemwona akisuka nilijua kwamba anamhesabia Kemilembe miaka. Umri wa Kemilembe aliujua mpaka siku. Wangu hakuwahi kuutaja. Niliona wivu, na kumwonea wivu marehemu si jambo la kumwambia mtu.

Mwaka ambao Adela alikaribia kutimiza kumi na mmoja, mama alinunua dukani Nshamba kipande cha mwisho wa jora, chenye maua madogo ya bluu. Aliuziwa rahisi kwa sababu ukingo mmoja ulikuwa umefifia. Akaniita, akanisimamisha mlangoni penye mwanga, akanipima mabega, kifua na urefu, vidole vyake vikinigusa shingoni. Sikumbuki kuguswa hivyo kabla ya hapo. Kwa siku nne alishona kwa mkono, akinijaribishia, akiuficha ule ukingo uliofifia ndani ya pindo. Sikuuliza gauni ni la nani. Nilijua ni langu. Nikawa mtoto mwema kupita kiasi, nikichota maji bila kutumwa. Asubuhi ya siku ya tano nikaamka nikakuta majani yametandazwa na gauni limekunjwa ndani ya kikapu. "Mpelekee Adela kabla jua halijawa kali," mama akasema. Nililia bonde lote, nikikishika kikapu mbali na uso ili machozi yasilidondokee gauni.

Adela alikuwa mfupi, mwembamba kama mama yake. Mikono ya gauni ilimfunika vidole na pindo likaburuta chini. Akacheka, wala hakuwa na ubaya. Mama yake hakucheka. Alimvua gauni, akalishika, kisha akaniambia, "Hebu livae wewe." Lilinikaa sawasawa. "Rudi nalo hivyo hivyo," akasema, huku akijaza ndizi kwenye kikapu changu, maana kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. "Mwambie mama yako namshukuru kwa miaka yote hii. Ila sasa amshonee mtoto aliye naye."

Mama alikuwa nje akimenya ndizi. Aliponiona ninatokea kwenye migomba, alisimama na kisu mkononi, na uso wake ukajaa furaha ambayo sijapata kuiona tena, kwake wala kwa mtu mwingine. Nikakimbia. Nilidhani ni furaha yangu. "Mama, Mama Adela anakusalimu," nikasema, na kwa sauti ile akanitambua. Furaha ikamtoka mimi nikiitazama. Akaketi. Baadaye akasema, "Livue, lisichafuke," bila ukali wowote. Ujumbe wa Mama Adela sikuufikisha. Mwaka uliofuata mama hakutengeneza zawadi, na gauni lile hakulitaja tena.

Sasa ninaishi Rwamishenye, na wajukuu wangu hunivuta kwenye maduka ya Bukoba mjini, kwenye vitu vya plastiki vinavyolia na kuwaka taa, wakiniuliza rafiki wa miaka sita anunuliwe nini. Huwa nawajibu papo hapo, na watu hunisifu. Mwaka jana waliamua kwamba na mimi bibi yao lazima nifanyiwe keki, wakataka kujua nilizaliwa lini. Swali hilo niliwahi kumuuliza mama alipokuwa mzee sana, akili zake zikiwa timamu. Alifikiri, akajitahidi kweli, maskini. "Ulizaliwa Kemilembe alipoanza kutembea," akasema. Nikawaambia wajukuu wachague siku yoyote.