Bibi Chilewa Hasemi Kiingereza Peke Yake

Niliondoka nyumbani, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, kwa sababu simu yangu ilikikataa Kiingereza changu. Niliiambia inisomee habari, ikaniomba nirudie, tena na tena, kama mwalimu wa darasa la tatu. Mpwa wangu Neema alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, mashine imefunzwa kwa sauti za watu wa mbali."

Kazi yake ni kukusanya rekodi za Kiingereza cha watu wa kila namna, ili mashine zituelewe na sisi. Kutoka Dodoma alikuwa na rekodi za wanafunzi tu, mzee hata mmoja hana, na kesho yake mkusanyo ulikuwa unafungwa. Nikajitolea. Msomi mzima, ningeshindwaje?

"Sharti ni moja," alisema, akinipa kinasa sauti. "Mtu mmoja asikike. Asiingiliwe."

Asubuhi, sokoni Majengo. Mzee mmoja muuza alizeti na karanga alikubali, lakini kila akifungua mdomo mteja anauliza bei. Niliondoka na rekodi ya mabishano na mfuko wa karanga.

Mchana, mashambani Makutupora, nje ya mji. Bibi Chilewa, mkulima wa zabibu, ndiye huwahutubia wageni wa kanisa lao kwa Kiingereza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza, kisha akaita, "Yona! Njoo ukalimani!"

"Bibi, leo mkalimani hatakiwi."

"Kiingereza bila mkalimani?" Akawaonyesha vibarua waliokwisha kusogea na ndoo zao. "Na hawa wadhani nawasengenya?"

Nilimsihi ajaribu. Akasema sentensi moja, akanyamaza, akimtazama Yona kama dereva anayesubiri geti lifunguliwe. Nikasalimu amri. Nikapewa kishada cha zabibu, tukaanza upya. Bibi akasema zabibu zimeiva, akatulia. Yona akanguruma, "Zabibu zimeiva!" Wakaendelea hivyo kuhusu mvua, ndege waharibifu na wajukuu. Ilikuwa hotuba tamu.

Jioni, nyumbani, Neema alisikiliza akikunja uso.

"Bibi yuko safi, anasubiri zamu yake. Yona nitamkata. Lakini nani huyu anayepiga kelele 'Amina!' kabla Bibi hajamaliza?"

"Kibarua mmoja," nilisema.

Akairudisha rekodi nyuma nisikilize. Ilikuwa sauti yangu.

Nilichojifunza ni kwamba chuo kikuu hakikuning'oa kanisani: mbele ya mkalimani, mdomo wangu hujibu wenyewe. Sentensi moja tu ilisalimika, ile ya kwanza tulipoanza upya, na imeingia kwenye mkusanyo. Siku simu yako itakapomwelewa bibi wa Makutupora akisema kwa Kiingereza kwamba zabibu zimeiva, ujue wakati huo nilikuwa bado natafuna zabibu zake.