Mkwe Wangu na Miguu Yangu Bombani

Leo nimekwama kwenye bomba la watoto la kuteleza, kichwa ndani, miguu nje!

Ni kule bustani ya michezo, hapa Dodoma. Mjukuu wangu aliogopa, akaganda katikati, analia. Nikamfuata kwa chini. Kiuno kikagoma.

Mara nasikia, "Shikamoo, mama."

Jamani! Mhudumu wa zamu ni mkwe wangu, baba wa mtoto huyohuyo. Kafundishwa kuokoa watu, ila kwetu Wagogo mkwe hamgusi mama mkwe.

"Mama, nimwite mwenzangu. Kaenda kula."

"Mwanao anakosa hewa humu! Shika miguu, vuta!"

Akavuta, kafumba macho. Mtoto akateleza nyuma yangu, mzima.

Tangu hapo mkwe ananikimbia. Mnaomjua, mwambieni mlenda niliompikia unapoa. Aibu tumeiacha bombani.