Jina la Kwanza Kwenye Karatasi ya Kivuko

Mji wetu wa Ellingford hauna shida ya vitu vya kuwaonyesha wageni. Tuna daraja la mawe, tuna mnara wa kanisa wenye ngazi mia moja thelathini na mbili, tuna soko la Jumamosi chini ya ukumbi wa nguzo, na tuna gereza la zamani ambako Bwana Alcott hujipaka unga usoni na kujifanya mzimu, saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mimi nina kibanda cha chai hapa gatini, nauza skonzi na jamu, kwa hiyo wageni wakimaliza matembezi yao hunionyesha picha walizopiga. Daraja moja, mnara mmoja, mzimu mmoja. Zilizobaki zote ni za Beryl Tapscott.

Beryl ndiye mwenye kivuko. Ni mashua bapa ya watu kumi na wawili, haina injini wala makasia. Mnyororo umelala chini ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, naye husimama mbele akizungusha mpini wa chuma, mashua inajivuta polepole juu ya mnyororo huo mpaka ng'ambo. Dakika nne. Daraja liko hatua mia tatu tu kutoka hapo, kwa hiyo hakuna anayekihitaji. Mgeni mmoja aliwahi kumwambia hivyo usoni. Beryl akamjibu, "Na keki je, baba, nani anaihitaji?" Yule bwana alivuka mara mbili siku hiyo.

Alianza mwaka 1973. Kilikuwa kivuko cha baba yake, mzee Reg, na kifua cha mzee kilipombana Beryl aliacha kazi yake kwenye duka la viatu aje kumshikia kwa wiki moja. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wiki ile haijaisha bado. Ron Tapscott wa duka la vyuma alianza kuvuka kila jioni, kwenda na kurudi, kiangazi kizima, bila kusema neno zaidi ya "habari za jioni." Mwishowe Beryl alisimamisha mashua katikati ya maji.

"Ron, wewe unakaa upande huu, kazi yako iko upande huu. Ng'ambo unafuata nini?"

"Upepo," Ron akasema.

"Upepo uko hata dukani kwako. Unataka kunioa au hutaki?"

Walikaa miaka thelathini na moja, wakapendana vizuri, mpaka Ron alipofariki. Nayaeleza haya ili ujue sisi ni watu wa namna gani. Mtu wa Ellingford akikitaka kitu kwa moyo wake wote, atakwambia hakitaki. Umbembeleze mara tatu ndipo atasema, basi, kama hakuna mwingine.

Mwaka 2019, mwezi wa nne, bega la Beryl lilikataa. Daktari alimwambia msimu huu ndio wa mwisho, akiendelea atashindwa hata kuchana nywele. Halmashauri ya mji ikakaa kikao ikaamua: kama ifikapo Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa hajapatikana mtu wa kushika kivuko, mashua itatolewa majini iwekwe kwenye nyasi mbele ya gereza, ijazwe udongo, ipandwe maua. Wageni watapenda, walisema.

"Maua," Beryl aliniambia siku ile. "Ndani ya mashua ya baba." Akarudia neno hilo mpaka chai yake ikapoa.

Mwishoni mwa mwezi wa saba karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale maktaba, na kalamu ikafungwa pembeni kwa uzi. Anayetaka kujifunza kazi ya kivuko aandike jina lake hapa. Wiki ya kwanza, jina hakuna. Wiki ya pili, hakuna. Ikafika ya nane, karatasi nyeupe kama ilivyotoka dukani. Beryl alikuwa akienda kila siku akijidai anarudisha vitabu, na sote tulijua si msomaji.

Sasa nisikilize vizuri, maana upuuzi wenyewe ndio huu. Watu walikuwa wakikitaka. Niliwaona kwa macho yangu, maana na mimi nilikuwa nikipita maktaba kuchungulia. Clive Hobday, muuza nyama, alisimama mbele ya ubao, akashika kalamu, akatazama kulia na kushoto kama anayetaka kuiba, akairudisha. Bi Audrey Priddy, aliyefundisha jiografia nusu ya mji huu, alifanya vilevile, tena mara tatu. Ila kwetu kuandika jina la kwanza kwenye karatasi tupu ni kujitanguliza. Ni sawa na kutangaza kwamba wewe unajiona. Afadhali mtu avunjike mguu.

Nikambana Clive alipokuja kunywa chai.

"Clive, mbona hujaandika?"

"Mimi? Watu watasemaje? Hobday na masoseji yake sasa anataka na mto."

"Unakitaka hukitaki?"

"Si kwamba nakitaka." Aliutazama mto weee. "Ila ingekuwa amekosekana mtu kabisa, na kama haimsumbui yeyote, siku za Jumapili na Jumatatu nimefunga duka. Lakini kwanza aandike Bi Priddy, yeye ni mkubwa kwangu."

Nikamfuata Bi Priddy kwenye foleni ya mkate.

"Oh, mimi namsubiri Clive," akasema. "Ndiye mwenye mikono. Nikimtangulia nitamuaibisha, masikini."

Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Nikamwambia Beryl kwamba wapo wanaokitaka, ila wanaoneana haya. Hakuniamini. Alidhani namfariji.

Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, alikuja akakaa kwenye kiti cha nje, mkono mbovu umelala mapajani.

"Hawakitaki, Pauline," akasema. "Hata maktaba siendi tena. Miaka arobaini na sita nimejua wanakipenda. Kumbe walikuwa wananistahi mimi tu."

Sijawahi kumwona Beryl amevunjika hivyo, hata kwenye maziko ya Ron. Nilimhurumia, kisha nikapandwa na hasira, hasira ya kuukasirikia mji mzima pamoja na mimi mwenyewe. Nikafunga kibanda saa nane mchana, wageni wakinikodolea macho, nikaenda maktaba moja kwa moja. Nikashika ile kalamu nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: PAULINE STURGESS.

Mimi siwezi kuogelea. Mimi hutapika hata nikipanda bembea.

Mama wa maktaba alinyanyua miwani yake. "Wewe, Pauline?"

"Mimi. Kuna tatizo?"

"Hapana, mpenzi. Hapana kabisa. Ni ujasiri."

Habari ilifika sokoni kabla sijafika nyumbani. Asubuhi yake Clive alikuwa mlangoni kwangu, bado amevaa aproni.

"Nimesikia umejiandikisha. Hongera sana," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

"Asante. Chini yangu kuna nafasi."

"Kweli?"

"Karatasi nzima, Clive."

"Basi niandike tu, ili usiwe peke yako." Alikuwa ameshaanza kutembea, na hakwenda kwa mwendo wa mtu anayenisaidia mimi.

Jumamosi saa nne diwani alikuja gatini na karatasi ile mkononi. Watu walijaa, wengine wakijifanya wanalisha mabata maji. Beryl alisimama ndani ya mashua, mkono mzima umeshika mpini, akimtazama diwani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Diwani akasoma. "Pauline Sturgess."

Beryl akanigeukia polepole. "Wewe? Si wewe uliyetapika kwenye mashua hii ikiwa imefungwa?"

"Ilikuwa inayumba," nikasema.

"Clive Hobday," diwani akaendelea. "Audrey Priddy, na hapa ameandika kwenye mabano: iwapo hakuna aliye bora. Graham Alcott." Huyo ndiye mzimu wa gerezani. Akaendelea kusoma, na kila jina lilipotoka mwenyewe aliinamisha kichwa kutazama viatu vyake. Yalikuwa majina kumi na tisa.

Beryl alikaa kwenye benchi. Alilia mbele ya wote, wala hakujifuta.

"Sasa mbona hakuna aliyesema?" akauliza alipoweza.

Clive akakohoa. "Hatukutaka kukusumbua, Bi Tapscott."

"Kunisumbua. Miezi miwili sijalala, Clive, kwa sababu ya adabu zenu."

Nikamnyang'anya diwani kalamu nikalikata jina langu, nikasema najitoa, bega linaniuma, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo Beryl akacheka. Diwani alitaka kujua sasa wa kwanza ni nani. Wote wakamtazama Clive, na Clive akawa mwekundu kuanzia shingoni.

Mafunzo yakaanza siku ileile, watu wawili wawili. Beryl aliwafundisha kusikiliza mnyororo kabla ya kuuvuta, na kutomwacha mgeni yeyote asimame hata akiwa jaji. Alikuwa mkali. Alimrudisha Alcott nyumbani akanawe unga.

Jumapili ya mwisho ya msimu Clive alivusha wageni kumi, Beryl amekaa miongoni mwao kama abiria. Alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, ili isirukie mpini. Mimi nilikuwa kwenye kibanda changu, na Bi Priddy kasimama kando yangu. Zamu yake ilikuwa imeshaanza safari mbili zilizopita, lakini Clive alishafika tena ng'ambo, akashusha, akapakia wengine, na kwa vile alivyoushika ule mpini ilionekana wazi amesahau kwamba kuna mtu anaitwa Audrey Priddy.

"Yeye ndiye anayekijua zaidi," Bi Priddy akaninong'oneza. "Nitasubiri mwakani, haina neno."

"Inalo neno," nikasema. "Mwite."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo. Wageni walikuwa wengi ukingoni, na wanafunzi wake wa zamani pia, wazima na mvi zao. Akapiga hatua moja mbele, akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Clive," akasema, kwa sauti ya kumwita paka wa jirani. "Nadhani ni zamu yangu."

Clive hakusikia, ila Beryl alisikia. Akatoa mkono mmoja chini yake, ule mzima, akaukinga sikioni.

"Sauti, Audrey," akaita kutoka ng'ambo ya maji. "Hajakusikia."

Na Bi Priddy, ambaye nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akiomba hata chumvi, alivuta pumzi.

"Clive Hobday," akapaza sauti, mpaka mabata maji wakaruka, "acha huo mpini uniletee mashua yangu."