Vichupa Vilivyoonjeshwa Jua

Kwa miaka thelathini Nassoro hajawahi kununua kitenge bila kukitoa mlangoni akione kwenye jua. Wenzake sokoni Muyinga humtania kwamba hata mkewe alimtoa juani kwanza.

Ndiyo maana kifurushi kilipofika kutoka mpakani Kobero, kidogo, cha baridi, kimezongwa karatasi ya rangi ya fedha na kitambaa cheusi, alikitilia shaka. Binti yake Yasmina, anayesomea sayansi Gitega, alimwomba jambo moja tu: akiweke kwenye barafu, asikifungue. Sampuli hiyo ameisubiri miezi saba, na hadubini aliyoazimwa inarudi kwa wenyewe Ijumaa. Lakini kwa Nassoro, kitu kinachofichwa hivyo kina walakini. Alihofia mwanawe amepunjwa. Akafungua, akapeleka vichupa vitatu mlangoni, akavigeuzageuza juani. Maji tu, yenye ukungu kidogo. Akavifunga upya, vizuri kuliko vilivyokuja.

Saa ileile akapanda gari kwenda Gitega, kifurushi mapajani. Njia nzima roho ilimsuta. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Yasmina alipompokea kwa furaha ile, uongo ulimshinda.

"Mi nilifungua, mama," akasema. "Nilivipeleka ku jua."

Yasmina akakaa chini. Hakumkemea babaye, afadhali angemkemea. Akamweleza taratibu: mle mna matone madogo ya protini, na vijifuko vya utando mwembamba kama ngozi ya maziwa. Mwanga wa buluu, ambao hata juani umo, ukiyapiga, matone huung'ang'ania utando. Yakikaa gizani, huuachia polepole. Baada ya jua kali namna ile, kama yataachia tena, hakujua. Akavifungia kabatini kwenye barafu, wakasubiri hadi asubuhi, Nassoro akivuta tasbihi.

Alipochungulia kwenye hadubini, kwa taa nyekundu hafifu, Yasmina alicheka huku machozi yakimtoka.

"Papa, yameachia! Kama ungenyamaza, mi ningeangalia palepale jana, ningeona yameshikana. Ningevitupa vyote."

Akamketisha babaye kwenye hadubini, akamshikisha swichi ya taa ya buluu. Nassoro aliona matone yakielea, kila moja kivyake. Akawasha. Yakasogea, yakaugusa utando, yakajitandaza juu yake. Akazima upesi.

Kisha akainuka bila kuambiwa, akavuta pazia vizuri, akaenda kusimama mlangoni, mtu asije akaingia na jua.